Shavu la Kalala

Mwaka wa tisini na tisa Noémie alikuwa fundi wa vidonda. Msimcheke. Wenceslas, aliyekuwa akipamba nyuso za waigizaji wa televisheni Lubumbashi, alikuja Kamina kuwaona wakwe zake, vita vikasimamisha treni, akabaki hapa na sanduku lake la rangi. Ndipo akaanza kumfundisha huyu binti wa mwalimu wa Kimethodisti kutengeneza vidonda vya maigizo: gelatini ya kuchemsha iwe ngozi, masizi na mafuta ya mawese yawe damu iliyoganda. Baada ya miezi sita Noémie angeweza kukuchinja mbele ya mama yako, na mama yako akazimia kweli.

Alikwenda hospitali kutazama vidonda vya kweli, ajifunze. Huko askari mmoja kijana, Kalala, aliyechanwa shavu la kushoto na bomu, akasikia habari za ufundi wake, akamwita kitandani.

"Mama yangu iko Kabondo-Dianda. Balimwambia nilikufa, balisha kulia matanga. Minyi nataka aone foto, ajue niko muzima. Lakini hii shavu asione. Itamuua."

"Muandikie barua."

"Barua, kila muntu anaweza kuandika."

Noémie alikuwa hajawahi kuficha kidonda hata siku moja. Alichukua umbo la uso ule kwa plasta ya kufungia mifupa, akamwaga gelatini ndani yake, akaharibu mashavu mawili. La tatu likakaa sawasawa. Wenceslas akamsifu, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: binti akaendelea kupaka. Alifuta weusi chini ya macho, akafuta chunusi, akafuta hata kovu dogo juu ya nyusi. Wenceslas akapiga picha kwa kamera yake inayotoa picha papo hapo.

Mama Kyabu, anayewaletea wagonjwa chakula, akaichukua ile picha. Akafanya ishara ya msalaba.

"Maskini. Uyu bamuzika lini?"

Hakuwa na utani. Miaka thelathini amekuwa akiwaosha wafu wa parokia na kuwapaka poda, ili wapigwe picha ya mwisho kabla jeneza halijafungwa, na nyuso zile zilikuwa laini hivyohivyo. Noémie aliona aibu. Nusura ampelekee mama wa watu maiti ya pili.

Kalala hakukasirika. Alichukua kitambaa chenye maji, akajifuta juu ya nyusi.

"Hii uache. Mama alikuwa anatwanga, minyi nikapita nyuma yake, mutwangio ikanipiga. Bila hii atasema ni muntu ingine."

Noémie akaondoa poda karibu yote. Akagandamiza ganda la chungwa juu ya shavu la bandia ili lipate vitundu vya ngozi, akaliacha jasho la Kalala litiririke. Picha ya pili ikaondoka na mwuza chumvi wa baiskeli.

Wiki ya nne akaingia wodini mwanamke mwembamba, miguu imepasuka kwa mwendo, picha ameifunga kwenye kitenge. Hakuna aliyemtarajia. Shavu la bandia lilikuwa nyumbani kwa Wenceslas, ndani ya kopo. Kalala akageukia ukuta, na Noémie, kwa upumbavu wa huruma, akasimama njiani.

"Mama, ungoje kidogo."

Yule mama akamsukuma kando. Akamshika mwanawe kidevu, akamgeuza, akalitazama lile shimo shavuni muda mrefu. Hakuzimia. Kisha akalowesha kidole gumba kwa mate na kusugua kovu la juu ya nyusi, kwa nguvu, kama anayemfuta mtoto uji usoni. Akatazama kidole chake. Kilikuwa safi. Akasugua tena.

"Haitoki," akasema, na sauti ikaanza kumvunjika. "Hii nilikutia minyi mwenyewe. Kalala, mutoto wangu, hii nilikutia minyi."