Farasi Wanane na Mkasi wa Zulema

Kwetu pampa, kwenye mbuga za Argentina, kumnyoa farasi wa mtu bila ruhusa ni sawa na kumnyoa mwenyewe masharubu akiwa usingizini. Kwa hiyo nilipowakuta farasi wangu wanane wa kijivu wamenyolewa shingo, tena vizuri kuliko ninavyonyoa mimi, damu ilinichemka. Hasa hapo kwenye vizuri.

Mhalifu alikuwa bado yumo shambani: Zulema, binti wa jirani, mkasi mkononi, mahindi mfukoni. Alipiga mluzi, wote wanane wakamfuata kama vifaranga.

“Umevuka uzio wangu wa waya,” nikamwambia.

“Nimevuka mwezi mzima, Eleuterio, ndiyo kwanza unaona. Walifanana na mafagio. Jumapili kwenye mashindano ungetuaibisha wote.”

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Bazterrica, hakimu wetu, nikamkuta anafyonza kwa mrija chai yake ya majani machungu kutoka kibuyuni.

“Zulema amewanyoa farasi wangu. Nataka afungwe.”

“Kwa kunyoa?” Akaweka kibuyu chini. “Njia zipo, kijana. Nenda polisi uandikishe kwamba ameingia kwako bila idhini. Au mdai fidia, ila uniletee hasara niione. Wamekonda?”

“Wamenenepa.”

“Wameumia?”

“Wamependeza.”

“Basi fidia sahau. Inabaki amri ya kumzuia asiwasogelee farasi wako wala kuwaita. Na ukimgusa kwa mjeledi, mshtakiwa utakuwa wewe.”

“Na nikimtungia beti za matusi?”

“Hilo nalo ni kosa. Na beti zako zina makosa yake.”

Nikachukua amri. Zulema akatia sahihi huku anatabasamu, jambo lililopaswa kunitisha.

Jumapili makundi manne yalichanganywa uwanjani kama maharage chunguni. Kila mwenye kundi humtoa jike wake mwenye kengele, na farasi wake wanatakiwa wafuate mlio ule tu. Mwaka mzima nilikuwa nimejigamba, kwa vina, kwamba wangu watatoka wa kwanza.

Nikamvuta jike. Kengele ikalia. Akatoka peke yake.

Wale wanane waligeuza shingo zao nadhifu wakatazama jukwaani, alikokuwa Zulema anatafuna empanada, sambusa ya kwetu. Kisha wakamwendea, wakapanga vichwa juu ya uzio mbele yake.

Zulema akainua mikono. “Mashahidi mpo. Mimi sijamsogelea farasi yeyote.”

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Makundi mengine yakaanza kutoka. Nikavua kofia, kitu nisichomvulia hata padri.

“Zulema, piga mluzi.”

“Amri inanikataza, bwana mshairi.”

“Naifuta.”

“Ya kwako hiyo? Ya hakimu.”

Watu wote wakamgeukia Mama Bazterrica, mdomo umemjaa nyama. Akameza taratibu.

“Aliyeomba akiondoa ombi, nafuta. Na akimpa idhini ya kuingia, hakuna tena uvamizi. Lakini aseme kwa sauti.”

“Kwa beti!” akadakia mtu wa nyuma.

Nikasimama juu ya uzio, masikio yanawaka:

Zulema, pita langoni,
waya huna haja nao,
na mkasi mkononi,
uninyoe kama wao.

Zulema akashuka hadi kwenye lango la uwanja, mluzi ukalia. Wanane wakachomoka wakirusha mateke ya furaha, nami nikikimbia nyuma yao, nacheka kama mwendawazimu.

Wasimamizi walituweka wa mwisho, maana kundi langu lilitolewa kwa mluzi, si kwa kengele. Sikukata rufaa.

Jumatatu asubuhi Zulema aliingia kwa kupitia langoni, na kiti amebeba.

“Kaa,” akasema, akijaribu mkasi hewani. “Tunaanza na masharubu.”