Mfuko wa Mchele kwenye Keria

Mke wangu ni muuguzi. Siku hiyo alikuwa amelala baada ya zamu, na saa tisa alasiri alitakiwa kurudi kazini kwa pikipiki ambayo mimi nilikuwa naifungua gurudumu la mbele. Beringi zilikuwa zimekwisha. Kila akikata kona, gurudumu linacheza kama jino la mtoto.

Pikipiki yenyewe aliachiwa na marehemu baba yake. Mwaka jana niliinyanyua kwa tofali, tofali likapasuka, ikaanguka ubavu na mkono wa breki ukapinda. Mke wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Ukiiangusha tena, utamweleza mama mwenyewe." Na sasa mama mwenyewe alikuwa jikoni kwetu, amekuja kukaa nasi wiki mbili.

Mimi ni fundi cherehani. Mambo ya pikipiki nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo huenda polepole. Safari hii niliisimamisha kwa stendi kubwa kwenye saruji ya uani, nikaifunga stendi na fremu kwa kamba isije ikajikunja. Chini ya injini sikuweka kitu, maana bomba la moshi linapita hapo. Kilichobaki ni uzito wa kuikalisha nyuma ili isilalie mbele. Nilizunguka nyumba nzima, nikauona mfuko wa mchele, kilo ishirini na tano. Nikaulaza kwenye keria, nikaukaza kwa mpira. Pua ikainuka. Nikachomoa ekseli, gurudumu likatoka, nikajisifu kimoyomoyo.

Mama mkwe akatokea na bakuli.

Miaka tisa, mimi naye tulikuwa watu wa shikamoo na marahaba, basi. Kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa heshima.

"Nachota kidogo tu, baba," alinong'ona, asimwamshe binti yake.

"Chota tu, mama."

Ningemwambiaje asiguse mchele? Akafungua pembe ya mfuko, akachota, akaenda. Akarudi na bakuli lile lile. Mara ya tatu alikuja na sufuria, na alipoanza kuijaza nikaona shokapu za mbele zinashuka, upana wa kidole, kisha wa vidole viwili. Nikazikumbatia.

"Mama."

"Naam, baba."

"Huo mchele ndio ulioshikilia pikipiki."

Alinitazama nilivyoganda pale, shavu kwenye taa. Akaweka sufuria chini taratibu, akakusanya gauni lake, akakaa juu ya kile kilichobaki cha mfuko, upande upande. Pua ikapanda yenyewe.

"Achia."

Nikaachia. Haikutikisika.

"Mimi nilidhani umeutoa nje juani, wadudu watoke," alisema.

"Ungeniuliza, mama."

"Na wewe ungeniambia."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikalazimika kuuma kola ya shati nisicheke kwa sauti.

"Mume wangu hakutumia mchele," alisema alipotulia. "Alikuwa ananiita mimi. Kila akitoa gurudumu la mbele, mimi nakaa hapa. Alisema mfuko hauna akili, mke ukimwambia usishuke hashuki. Uongo mtupu. Siku moja niliona mbuzi wa jirani anakula nguo kwenye kamba, nikashuka."

"Ikawaje?"

"Lete sinia kwanza. Siwezi kukaa bure."

Nikamletea sinia na sufuria yake. Akawa anachambua mchele huku anasimulia, na mimi nagonga beringi mpya kidogo kidogo, kitambaa chini ya nyundo. Nikajua jinsi baba mkwe alivyoikamata pikipiki kwa goti, na jinsi alivyomfukuza mbuzi akichechemea. Nikajua vitu vingi kuliko nilivyojua miaka tisa yote.

Saa nane kasoro mlango ukafunguliwa. Mke wangu alisimama kizingitini, macho nusu yamefumba.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nashikilia pikipiki ya mume wangu."

Mke wangu akalitazama gurudumu, likiwa mahali pake. Akanitazama mimi.

"Haikuanguka?"

"Haikuanguka."

"Nishuke sasa, baba?" mama mkwe akauliza.

"Subiri kidogo, mama," nikasema, nikaishika spana.

Nati ya ekseli nilikuwa nimeikaza robo saa nzima iliyopita. Ila mama mkwe alikuwa bado hajafika mwisho wa habari ya mbuzi wa pili.