Askari wa Joakimu
“Hilo nalo ni jeshi, Akonaay? Au wakikaa pamoja wanapigana wenyewe?”

Hilaria alisema kwa sauti ya kufika jikoni, na wanywaji chai katika mgahawa wa Scolastica, pale Haydom, wakacheka. Akonaay, mfugaji wa upande wa Hanang, hakuinua macho. Bendera zake nyekundu zilikuwa zimetawanyika juu ya ramani ya Ulaya kama mbegu zilizomwagika.

Ramani ilikuwa ubao wa mchezo alioufukua Akonaay mwenyewe kwenye mitumba mnadani. Sheria alizitunga Hilaria, mwalimu wa historia kutoka kijiji cha Daudi. Bendera zikikutana katika nchi moja, vita vinahamia meza ya pili na kupiganwa kwa askari wa udongo.

Askari hao walifinyangwa na kaka yake Hilaria, Joakimu, kabla kifua hakijamuua. Hilaria hakutaka hata waguswe na mikono yenye mafuta. Lakini Akonaay alimwambia mbele za watu, “Bila ubao wangu, mwalimu, hao ni midoli.” Hasira zikampanda, naye akakubali kuwa mshindi wa kampeni atachukua vyote, ubao na askari.

Leo Hilaria alisukuma bendera zake zote za bluu hadi Austria, iliposimama nyekundu moja tu.

“Vita!” akatangaza Scolastica, mwamuzi wao.

Kwenye meza ya pili shuka lilikuwa limefunika sahani zilizogeuzwa kuwa vilima. Hilaria alipanga mizinga yake, akarusha kete, akaanza kuondoa wekundu mmoja mmoja.

“Kusanya maiti zako, mchunga mbuzi.”

“Nasubiri raundi ya tatu,” akasema Akonaay.

Hilaria akaitazama ramani upya. Sheria ilikuwa yake: kuanzia raundi ya tatu, jeshi lililo nchi jirani laweza kuingia vitani, kete ikikubali. Hakuwahi kuitumia, maana yeye alitembea na jeshi zima siku zote.

Kete ikakubali. Wapanda farasi wekundu wakaingia kutoka Bavaria. Ikakubali tena, wakaingia wa Bohemia, nyuma ya mizinga yake.

“Kwetu hakuna mwenye akili anayelaza ng'ombe wote zizi moja,” Akonaay akasema huku akiziangusha bendera za bluu hadi ya mwisho. “Unamweka huyu kwa rafiki, yule kwa shemeji. Ugonjwa ukija, haukumalizi. Ninyi wa Daudi mnafuga wawili, mtajuaje?”

Hilaria akawapanga askari kikapuni ili amkabidhi mshindi. Alipofika kwa jenerali, ambaye mgongoni alikuwa bado na alama ya kidole gumba cha Joakimu, akakwama.

Akonaay akakisogeza kikapu kwa Hilaria.

“Kaa nao. Nimewaweka kwako.”

Mgahawa mzima ulijua maana yake. Ng'ombe aliyewekwa hubaki wa aliyemweka. Anayemtunza hunywa maziwa tu. Afadhali angemzaba kibao.

“Akivunjika mmoja?”

“Ng'ombe akifa, unaniletea ngozi. Huyu utaniletea vipande.”

Hilaria alitamani kumrushia kikapu usoni. Akamtazama jenerali. Kisha akamfunga kwenye leso, akambana kifuani.

“Jumamosi ijayo uje na ubao wako, Akonaay,” akasema bila kumwangalia. “Nitawakomboa ng'ombe wangu.”

“Wangu,” akasahihisha Akonaay, akaagiza chai.