Mpaka Mchanga Upoe

Ulipita hapa Jumatatu. Usikatae, nilikuona. Uliziona alama nyekundu za X kwenye vibanda vyetu vya Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa, ukapandisha kioo cha gari na kugeuza uso. Walipobomoa soko la kuku ulifanya vivyo hivyo. Mimi sisahau. Walisema barabara inapanuliwa. Nenda leo uone kama pale kuna barabara au kuna ukuta wa mtu.

Basi tulia nikwambie yaliyotokea leo mchana kwa Kasiva.

Kasiva anachomelea alumini. Madereva wa malori wanamjua kutoka Mtito Andei mpaka Mwingi. Kibanda chake ndicho cha kwanza ukitokea upande wa Mtito, kwa hivyo ndicho kitakachoangushwa kwanza, na hana kingine.

Leo alikuja dereva mmoja, Kyule, amekumbatia kava ya giaboksi kama mtoto mgonjwa.

"Mwaitu, nisaidie," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Lori imepiga jiwe huko Mtito. Hii kitu imepasuka, oili yote imemwagika."

"Umebeba nini?"

"Tingatinga. Ni ya minyororo, haiwezi tembea kwa lami. Naambiwa kuna vibanda vya kubomoa hapa Kibwezi."

Kasiva alisogeza ovaroli iliyotundikwa ukutani, X ikajitokeza, bado inanuka rangi.

Kyule aliitazama, akaitazama kava yake, akaketi juu ya tairi. "Ngai! Mimi ni dereva tu, mwaitu."

"Na mimi ni fundi tu. Lete."

Nilipandisha sauti ili barabara yote isikie. "Kasiva! Unamnolea kisu anayekuja kukuchinja? Arudi nayo ikiwa imepasuka!"

"Mheshimiwa," aliniambia (ananiita hivyo kunicheka tangu niliposhindwa udiwani), "nikikataa wataagiza ingine Nairobi, leo hii ifungwe. Na hii alumini haijanikosea kitu. Shika hapo. Kelele baadaye."

Nikashika. Na hapo hasira yangu ikakosa pa kukaa.

Aliiosha kava kwa petroli, akaipaka mafuta ya taa, akaipangusa mpaka ikakauka, kisha akainyunyizia unga wa chaki. Hapakuonekana kitu. Tukangoja. Ndipo mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yakaanza kupanda kwenye chaki, mstari mweusi mwembamba kama uzi, ukitembea mbele ya macho yetu. Ukapita pale tulipodhani ufa umeishia, ukaendelea.

"Mwisho wako ni hapa," Kasiva aliuambia ufa, akatoboa tundu dogo pale pale. "Sasa kimbia nikuone."

Akauchimba kwa grainda, akapaka sabuni ya kufulia pembeni, akawasha gesi. Chuma ukikipasha moto hukuonya, huwa chekundu. Alumini haina adabu hiyo. Inabaki nyeupe, nyeupe, halafu ghafla inaanguka chini kama uji. Kwa hivyo Kasiva hakuitazama alumini, aliitazama sabuni. Ikawa kahawia. Ikawa nyeusi. Ndipo akaingiza kijiti cha kuchomelea, na pale palipokuwa na ufa pakazuka kidimbwi kinachotetemeka, kinang'aa kama maji ya kisima jua likiwa utosini. Akakisukuma polepole, na kila kilipopita, nyuma yake palikuwa pamefungwa. Kyule alivua kofia kana kwamba ameingia kanisani.

Kisha Kasiva akaizika kava kwenye pipa la mchanga wa mto, uliokuwa juu ya makaa tangu asubuhi.

"Inatoka saa ngapi?" Kyule aliuliza.

"Mchanga ukipoa wenyewe. Hapo kesho asubuhi. Ukiitoa mapema itashtuka ipasuke tena, na hiyo hata mimi siwezi."

"Na bosi akiuliza?"

"Mwambie ukweli. Iko kwa mchanga."

Kyule alipiga simu, akatukanwa, akaambiwa asubiri. Akakaa akilitazama pipa. Halafu akainuka, akachukua sepetu ya Kasiva, akaongeza makaa chini ya pipa.

"We! Nani amekutuma?" Kasiva alimuuliza.

"Hiyo kazi ni nzuri sana, mwaitu," alisema bila kugeuka. "Naogopa ishtuke."

Ameongeza tena sasa hivi ninapoandika. Lakini gunia la makaa limebaki nusu, na bosi wake hatangoja milele. Kwenye soko la kuku tulisimama watu wanne mbele ya tingatinga, wakatubeba kama magunia ya viazi. Mia hawabebeki. Funga duka lako. Mchukue jirani, washa hilo gari lako lenye vioo vya kupandisha, uje usimame mbele ya kibanda cha Kasiva leo, mchanga ukiwa bado moto.