Beringi ya Nyuma ya Puli

Sunná aliichomoa beringi ya chini kwenye shafti ya pikipiki yake ya theluji, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha la banda. Mpira unaoziba gololi ulikuwa umetiwa kisu. Beringi hizi huja zimezibwa kutoka kiwandani; hazifunguliwi, zikichoka hutupwa zikawekwa mpya. Hii mtu alikuwa ameifungua, kisha akaurudishia mpira taratibu kabisa.

"Niillas! Njoo uone maajabu!"

Mumewe alikuja na kikombe chake. Niillas hata nyumba ikiungua angetoka na kahawa mkononi. Aliinama, akatazama, akapiga mluzi.

"Kisu hicho. Si nilikuambia? Pikipiki ya theluji haigomi tu katikati ya ziwa bila mkono wa mtu."

"Heaika!"

"Nani mwingine? Nyayo za buti zake niliziona nyuma ya banda hili. Wewe ukasema ni mbweha."

"Nilisema mbweha kwa sababu yule ni mbweha!"

Heaika alikuwa kaka yake, tumbo moja. Kila mchungaji huku kaskazini ana alama yake ya kukata masikio ya kulungu wake wa theluji, na mama yao alipofariki, alama yake alimwachia Sunná. Tangu hapo Heaika hakumsemesha dada yake, ingawa walichunga kundi moja. Jana pikipiki ya Sunná ilipiga ukelele ikagoma mbali na ukingo, na kwa kuwa barafu ya ziwa imeshaanza kulainika, alirudi kwa miguu huku ikipasuka chini yake. Leo amewaita wachungaji wote nyumbani kwake wamtoe Heaika kundini kabla ya kuhamia malisho ya pwani. Anayetolewa hana pa kupeleka kulungu wake. Kilichokuwa kimekosekana ni ushahidi, na sasa alikuwa ameushika.

"Alitaka nife," alisema. Hasira ilimpanda hadi masikio yakamwaka. "Kaka yangu, Niillas! Alitaka nizame!"

"Waonyeshe hivyo hivyo ilivyo. Usiifute."

Lakini Sunná hajawahi kuvumilia uchafu hata siku moja. Aliifuta. Kisha, kwa mazoea tu, akaizungusha kwa kidole, nayo ikazunguka laini, bila mkwaruzo. Alipoubandua mpira akakuta grisi ya buluu, mpya, imejaa pomoni. Kiwandani hutia kiduchu tu, na grisi ya nyumba hii ni nyekundu.

"Hii ni nzima," alisema polepole.

"Wacha mzaha. Iliyokufa ni ipi basi?"

Walihamia ya juu, ile iliyo nyuma ya puli kubwa. Puli iligoma, wakaigonga kwa nyundo mpaka mbwa wakaanza kubweka uani. Ilipotoka, gololi zilimwagika sakafuni, nyekundu kwa kutu. Mpira wa beringi hiyo haukuwahi kuguswa na mtu. Maji ya theluji yalikuwa yamepenya yakaila, ikajifia yenyewe.

Sunná akairudia ile ya chini. Ukingoni mwa mpira kulikuwa na mikato miwili midogo na mmoja wa mshazari. Hiyo ilikuwa alama ya Heaika. Tangu utoto hakuweza kushika kitu bila kukichonga alama yake: vijiko, mpini wa shoka, mpaka meza ya mama, akachapwa kwa hilo. Sunná akakaa juu ya ndoo.

"Beringi hii tumewahi kuibadilisha?"

"Hatujawahi. Nilidhani tuna bahati."

"Bahati! Umeona wapi bahati inavaa buti?"

Niillas aliinama kuitazama ile alama. Kahawa ilikuwa imepoa na hakuikumbuka.

Wachungaji walikuwa wameshaanza kuingia uani. Sunná aliwapita na beringi mkononi, grisi hadi viwikoni.

"Mkutano haupo," aliwaambia bila kusimama. "Nilikosea. Kunyweni kahawa mwende zenu."

Nyumba ya Heaika iko ng'ambo ya mto. Alifungua mlango mwenyewe, akaiona beringi, akawa mwekundu shingo nzima. Sunná alitaka kusema mengi, mengine ya kumwomba radhi, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Ya juu imekufa," alisema. "Ya chini umeitunza, ya juu ukaiacha. Jana nimeponea chupuchupu ziwani."

Rangi ilimtoka Heaika. Alishika mwimo wa mlango.

"Ya juu lazima ung'oe puli," alisema.

"Si ungeing'oa!"

"Puli ile haitoki bila nyundo, dada," alisema Heaika. "Ungenisikia."