Sherehe Iliyoondoka Bila Wenyewe

Aliyeamua kwamba ndoa ya miaka arobaini haiwezi kusherehekewa nchi kavu alikuwa binti mkubwa wa nyumba, ambaye wadogo zake walimwita Kamanda, naye hakuwahi kulikataa jina hilo. Wazazi wake aliwaarifu wakati tiketi zimeshakatwa na fulana zimeshachapishwa. Ukimuuliza mzazi mapema anaweza kusema hataki, na hapo utakuwa umemnyima furaha ya kushtukizwa.

"Mama, tunawapeleka baharini," alisema. "Meli kubwa. Ukoo mzima."

"Ukoo mzima umetukosea nini?" mama yake aliuliza.

Kamanda alicheka, akadhani ni utani.

Mama huyu alikuwa mkunga. Alikuwa amestaafu, lakini mtaa mzima ulikuwa bado unamwita Mkunga, maana nusu ya mtaa ilikuwa imepita mikononi mwake ikilia. Mumewe aliitwa Dereva. Aliendesha treni mpaka sikio lake la kushoto likastaafu kabla yake. Miaka arobaini hiyo iliyokuwa ikisherehekewa, wawili hawa waliiishi kwa zamu. Mkunga akirudi asubuhi kutoka wodini, Dereva alikuwa anafunga viatu kwenda stesheni. Dereva akirudi baada ya siku mbili tatu, Mkunga alikuwa anatafuta funguo aondoke. Walikutana mlangoni, wakaulizana kama mtoto kala, wakapishana. Watu waliwasifu kwamba hawajawahi kugombana. Wangegombana saa ngapi?

Basi siku ikafika, wakapanda meli. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na hii aliyeiunda hakuwa na kiasi. Ilikuwa na ghorofa, lifti, maduka ya mikoba, na bwawa la kuogelea juu kabisa, kwa ajili ya wale ambao bahari nzima haikuwatosha. Mtu angeweza kukaa humo wiki nzima asione tone la maji ya chumvi, na wengi ndivyo walivyofanya.

Chumba cha wenye sherehe kilikuwa kizuri. Taulo zilikunjwa zikawa bata wawili wanaobusiana juu ya kitanda, mpaka Dereva alipomkunjua mmoja akajifutia jasho. Hakikuwa na dirisha, ila kilikuwa na mlango wa katikati unaoingia chumba cha Kamanda, na Kamanda aliuacha wazi usiku na mchana, wasije wazee wakahitaji kitu. Walichokihitaji ni mlango kufungwa, lakini hilo ni jambo ambalo huwezi kulisema mbele ya mkwe.

Raha yenyewe ilipangwa. Asubuhi kulikuwa na mazoezi ya viungo, wote ndani ya fulana za zambarau zenye sura za wazee kifuani. Mkunga alikuwa amejivaa mwenyewe, na kila alipoinua macho alijiona akija mbele yake, amenyooshwa juu ya tumbo la shemeji. Baada ya hapo kulikuwa na michezo ya hiari, na asiyehudhuria hiari alifuatwa chumbani. Mkwe, mume wa Kamanda, alirekodi kila kitu kwa simu. Aliwarekodi wazee wakinywa chai, wakipanda lifti, na wakimwomba aache kurekodi.

Siku ya pili Kamanda aliwafanyisha mazoezi ya kukata keki.

"Baba, mtazame Mama kwa upendo."

"Namtazama," Dereva alisema.

"Mtazame kama zamani."

"Zamani nilikuwa kazini."

Mkunga aliuma mdomo wa chini asicheke. Alimtazama mumewe, naye alikuwa ameshika kisu cha plastiki cha majaribio, shingo imekakamaa, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwa mara ya kwanza tangu wapande alimwonea huruma, na alijionea huruma mwenyewe kidogo.

Siku ya tatu, ambayo jioni yake ndiyo ilikuwa ya sherehe, meli ilitia nanga kwenye mji mdogo wa bandari. Watu waliruhusiwa kushuka mpaka alasiri. Kamanda aliushusha ukoo kwa mstari, yeye mbele ameinua mwavuli wa zambarau ili asipotee mtu. Waliongozwa moja kwa moja mpaka soko la kumbukumbu, kununua vijimeli vidogo vya mbao, kwa hofu kwamba wangeisahau ile kubwa.

"Nataka kunyoa ndevu," Dereva alimnong'oneza mkewe.

"Melini kuna kinyozi."

"Yule anataka miadi. Halafu anakusugua uso kwa matango."

Mkunga alitazama kulia, akatazama kushoto. Mkwe alikuwa anarekodi bei. Kamanda alikuwa anawahesabu watoto. Akamshika mumewe mkono, wakajitia wanatafuta choo, wakakata kona ya kwanza, kisha ya pili. Alikuwa na mkoba wake begani, na ndani ya mkoba kulikuwa na vitambulisho vyote viwili. Katika jambo hilo hakuwa anamwamini mtu, hata yule aliyemzaa.

Kinyozi walimkuta kwenye kibanda cha rangi ya maziwa, viti viwili na kioo kimoja kilichopasuka pembeni. Alikuwa mtu wa makamo, tumbo mbele, mwenye kuongea kama analipwa kwa neno. Alimkalisha Dereva, akampaka povu. Mkunga alikaa kwenye benchi karibu na mlango, akavua viatu, akanyoosha vidole. Hakuna aliyemwambia atabasamu.

"Mmekuja na ile meli?" kinyozi aliuliza.

"Meli ipi?" Dereva alijibu.

Kinyozi aligeuka akatazama nje. Meli ilikuwa imesimama mwisho wa barabara, imeziba nusu ya mbingu. Alimtazama mzee, akaitazama fulana ya zambarau, akaona heri aendelee na povu.

Alasiri ikaingia. Mkunga alikuwa na saa mkononi. Miaka yote kazini aliisoma saa hiyo akihesabu mapigo ya moyo wa watu, hivyo haikuwa rahisi kusema hakujua ni saa ngapi. Alijua. Alijua pia kwamba kutoka pale mpaka bandarini ni mwendo mfupi, na kwamba wakiondoka sasa watafika. Alifungua mdomo aseme. Kisha akamwona mumewe kichwa kimelala nyuma, amefumba macho, mikunjo yote ya uso imeachia. Uso ule hakuwa ameuona tangu siku ya posa. Mdomo wake ukajifunga wenyewe.

Honi ikalia. Ililia kwa muda mrefu, mpaka kioo kikatetemeka ukutani.

"Honi hiyo," Dereva alisema chini ya povu.

Mkunga alipangusa vumbi kwenye kiatu. "Ya lori."

Kinyozi alisimama, wembe hewani. Yule mtu aliyekaa kitini pale alikuwa ameishi kwa honi. Aliweza kukwambia treni ni ya mizigo au ya abiria, imechelewa au imewahi, kwa mlio tu, tena kwa sikio moja.

"Lori kubwa," Dereva alisema. Akafumba macho tena. "Fundi, ukimaliza ndevu, nioshe na kichwa."

Simu ilianza kulia kinyozi akiwa kwenye nywele. Mkunga aliiacha ilie mara kadhaa, kwa adabu, ili isionekane walikuwa wanaingojea.

"Mama, mko wapi?" Sauti ya Kamanda ilikuwa juu kuliko ile honi.

"Tuko salama, mwanangu."

"Salama wapi?"

"Kwa kinyozi."

Upepo ulivuma upande wa pili. "Mama, meli imeondoka."

"Tumeiona. Inapendeza sana kwa nyuma."

"Sherehe ni jioni hii!"

"Basi sherehekeeni. Shughuli ni watu, na watu mko wengi."

Hapo Kamanda alianza kusema mambo mengi kwa pamoja. Mkunga alimpa mumewe simu. Dereva aliiweka kwenye sikio la kushoto, akasikiliza kwa utulivu mkubwa, akaitikia, "Sawa, mama," akakata.

Yaliyotokea melini walikuja kusimuliwa. Ukumbi ulikuwa umelipiwa, keki ilikuwa imefika, na Kamanda si mtu wa kuahirisha jambo kwa sababu ndogo kama kukosekana kwa wahusika. Picha kubwa ya wazee iliyokuwa mlangoni ilihamishiwa meza kuu, ikawekewa maua kila upande. Ndugu waliinuka mmoja mmoja wakatoa hotuba kuielekea picha, wakaeleza jinsi wazee walivyokuwa watu wema, wakarimu, wasio na makuu. Shangazi alilia. Mwisho abiria mmoja asiyewajua aliinuka kutoka meza ya jirani, akampa Kamanda mkono, akamwambia Mungu awatie nguvu. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wa kale, lakini hawa lao lilikuwepo, na mkwe alilirekodi lote.

Wenyewe wakati huo walikuwa wamepata chumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya posta. Kilikuwa na kitanda, kiti, ndoo, na dirisha linalotazama kamba ya nguo. Mlango ulifungwa kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa ndani. Waliagiza samaki wa kukaanga na chai, wakala wakiwa wamekaa kwenye ngazi za ua.

Dereva alimwekea mkewe sukari kwenye kikombe, vijiko viwili.

"Situmii sukari," Mkunga alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mtoto wa pili."

Mkono wa Dereva ulibaki hewani na kijiko. Mtoto wa pili alikuwa sasa na kipara. Mkunga alijisikia hasira ikipanda, ile ya zamani iliyokosa zamu ya kutoka. Kisha akaona jinsi mumewe anavyokitazama kile kikombe, kwa haya kama mgeni aliyekalia kiti cha watu, na hasira ikamgeukia kuwa kicheko.

Dereva alivuta kikombe akakinywa yeye. Akammiminia kingine, kisicho na sukari.

"Na kingine kilichobadilika ni nini?" aliuliza.

"Una nafasi ya kusikiliza?"

"Meli imetuacha, mama watoto. Niende wapi?"

Mkunga alianza. Alianza na mambo madogo, upande anaolala, wimbo anaouchukia, rafiki yake mmoja aliyekufa ambaye Dereva alidhani bado yuko. Akaenda kwenye makubwa. Kuna mahali waligombana, kweli kweli, kwa sauti, mpaka mwenye nyumba ya wageni akachungulia. Waliomba radhi, wakashusha sauti, wakaendelea. Asubuhi walipaswa kupanda basi la kurudi nyumbani. Liliondoka wakiwa wanakunywa chai. La kesho yake pia liliwaacha, bila mtu yeyote kuwarekodi.

Waliporudi, watoto walikuwa wameshafika. Kamanda alikuja siku hiyo hiyo, peke yake, amebeba kipande cha keki ndani ya boksi. Aliamkia, akaweka boksi mezani, akakaa. Dereva aliona dalili za mvua, akakumbuka kwamba bomba la nyuma ya nyumba linavuja.

"Mmeniaibisha," Kamanda alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. "Mnajua nimehangaika kiasi gani? Najua mlifanya makusudi. Baba anaijua honi ya treni inayokuja kesho."

"Anaijua," Mkunga alikiri.

"Kwa nini hamkusema hamtaki?"

"Ulituuliza?"

Kamanda alitazama mikono yake. Mkunga alikuwa amejiandaa na majibu makali, mengine mazuri sana, aliyatunga njiani ndani ya basi. Lakini mwanawe alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Alimkumbuka akiwa darasa la nne, kijiko mkononi, akiwapanga wadogo zake mstari kunawa mikono, kwa kuwa baba yuko njiani na mama yuko wodini na lazima mtu fulani ashike nyumba. Jina la Kamanda alilipata wakati ule. Hakujipa mwenyewe.

"Nilikuwa nawaona mkipishana mlangoni," Kamanda alisema polepole. "Siku zote. Nilitaka niwaone mahali pamoja, hata mara moja, mkiwa hamna pa kukimbilia. Nikafikiri, melini hawatatoka."

Nyuma ya nyumba bomba ambalo halikuwa linavuja lilisikika likigongwa.

"Basi umefaulu," Mkunga alisema. "Ila hukuwepo kuona."

Kamanda alijaribu kubaki amekasirika. Alijitahidi sana. Mwishoni bega moja likatikisika, likafuata la pili, akacheka kwa ile sauti yake iliyokauka mpaka akakohoa. Alivua viatu akakunja miguu juu ya kiti, jambo ambalo hakulifanya nyumbani pale tangu aolewe.

"Mlikuwa mnafanya nini kule siku zote hizo?" aliuliza.

Mkunga alifungua boksi, akaikata keki kwa mkono, akampa mwanawe pande kubwa. Kisha akamsimulia, kuanzia kwa kinyozi na ile meli iliyoziba mbingu. Alimsimulia karibu nusu yake. Nusu nyingine haikuwa ya watoto.