Nakala Ndani ya Nakala

Shangazi yangu ni fundi viatu, lakini si wa viatu vya kila mtu. Wateja wake ni wale walioshindwa kupata viatu vya kuwafaa madukani: mwenye mguu mmoja mfupi, mwenye vidole vilivyopandana, mwenye unyayo mpana kama sahani. Walio mbali hukanyaga karatasi, huchora mguu kwa penseli, huweka rula pembeni, kisha hutuma picha kwenye tovuti niliyomtengenezea nilipomaliza chuo.

Jumatano asubuhi nilimkuta karakanani, mikono kiunoni, ameikodolea macho kompyuta.

"Kimya," aliniita. Ananiita hivyo kwa sababu hata salamu yangu husikika kwa shida. "Tovuti yako imekuwa nyeupe pe! Na bi harusi wangu yumo humo humo."

Bi harusi huyo mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia. Alituma mchoro wake Jumatatu, na harusi ilikuwa Jumamosi. Ngozi ilishalala mezani. Kama isingekatwa siku hiyo, gundi isingekauka kwa wakati.

"Umempigia atume tena?"

"Yuko safarini, simu haipatikani mpaka kesho. Fanya mambo yako."

Nilifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuingia kwenye seva, yaani mashine ya mbali inayohifadhi tovuti.

"Hapo ndipo unaponitisha," alisema Shangazi nyuma yangu. "Hakuna picha wala kitufe. Unaiandikia barua, nayo inakujibu kwa mkato kama karani mwenye njaa."

Niliandika amri ya kuuliza nafasi iliyobaki. Jibu: diski imejaa, asilimia mia. Nikauliza nini kimeijaza. Nilipoona jibu, masikio yaliniwaka moto.

Wiki iliyopita nilikuwa nimeiagiza seva ifunge nakala ya tovuti nzima kila usiku. Ila vifurushi vya nakala nilivielekeza ndani ya tovuti yenyewe. Basi kila usiku seva ilifunga tovuti pamoja na vifurushi vyote vya nyuma, na kila kifurushi kikawa kikubwa mara mbili ya kilichotangulia.

Ningeweza kusema mashine imeharibika. Asingejua.

"Shangazi, kosa ni langu," nilisema, nikamweleza.

"Yaani unafunga sanduku, ndani unatia la jana?"

"Ndiyo."

"Nalo lina la juzi?"

"Ndiyo, Shangazi."

Alicheka mpaka akatafuta kigoda. "Mimi niliwahi kushona kiatu cha mteja pamoja na aproni yangu. Nikawa natembea nacho kinaning'inia, mteja ananiuliza kiko wapi! Haya, toa masanduku. Ila moja liweke huku nje kwanza. Mimi sikati ngozi huku karatasi ya kipimo ikiwa chini ya kisu."

Kifurushi cha jana kilikuwa kimekatika njiani. Cha Jumatatu usiku kilikuwa kizima, na tangu hapo hakuna aliyetuma mchoro mwingine. Nikakivuta hadi kwenye kompyuta ya karakana, kikachukua saa nzima. Kisha nikaandika amri ya kufuta, ambayo haina tabia ya kuuliza "una uhakika?", nikabonyeza.

Nilikuwa nimesimama kwenye folda siyo, ile kubwa inayobeba vyote. Vifurushi vilifutika, na michoro yote ya miguu ya wateja ikafutika navyo.

"Mbona umepauka?" aliuliza Shangazi.

"Nimefuta miguu."

"Ya nani?"

"Ya wote."

Safari hii hakucheka. Aliitazama ile ngozi mezani, akalaza kiganja juu yake. "Na lile sanduku la nje?"

Nilikifungua kifurushi cha Jumatatu kwa amri moja, herufi moja moja, nikiisoma kwa sauti kabla ya kubonyeza. Majina ya mafaili yakaanza kuteremka. Shangazi aliinama karibu na skrini, akawa anawasalimu mmoja mmoja: "Huyu mwalimu! Huyu dereva! Mpishi huyu, ana kidole cha ziada." Karibu na mwisho akanifinya bega. "Ndiye. Ndiye!"

Tulichapisha mchoro, akaupima kwa rula yake, kisha kisu kikaingia kwenye ngozi. Mimi nilirudisha michoro yote mahali pake, tovuti ikafunguka, na nakala za usiku nikazielekeza kwenye mashine nyingine kabisa.

Ijumaa jioni bi harusi alikuja na gauni lake mkononi, akabadilisha nyuma ya pazia la stoo. Alivaa viatu, akasimama katikati ya karakana bila kushika kitu. Pindo la gauni liligusa sakafu sawasawa, kushoto na kulia.

"Tembea, mwanangu," Shangazi alimwambia.

Akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akarudi mbio.